Mama Mkwe na Somo Lisilo Lake

"Jaribu Kilimo, Mama," mkutubi alisema.

Mama mkwe wake alikuwa mkunga mstaafu aliyerudi chuoni uzeeni, akiandika tasnifu kuhusu akina mama wanaojifungulia nyumbani. Pale maktabani kila mfanyakazi alijua: kwenye orodha ya masomo ya kompyuta ukibonyeza Uuguzi na Ukunga, kanzidata zinafunguka na makala za kumtosha, mpaka za kusaza. Mkutubi alikuwa ameshampeleka Historia. Akampeleka Uchumi. Sasa Kilimo.

"Kilimo?" Mama mkwe alivaa miwani. "Haya, labda nitakuta mahindi yenye mimba." Akaangua kicheko mpaka wasomaji wakageuka.

Mkutubi aliinamisha kichwa. Mtu mzima na heshima zake, yeye anamzungusha kama pia!

Lakini angefanyaje? Siku ya kwanza tu, begi bado liko mkononi, mama mkwe alitangaza: "Nimekuja kusoma, sikuja kuhamia. Nikimaliza nakwenda zangu, nisije nikaitwa king'ang'anizi." Na kabla yake nyumba ilikuwa kimya kama ghala. Mume ni dereva wa malori, akirudi ni kubadilisha shati. Alipoingia mama mkwe, majirani nao wakaingia. Huyu kaleta kitoto kitazamwe, yule kaleta umbeya wa moto, mara viti havitoshi, watu wanakalia ndoo. Kumwomba abaki, mkutubi aliona haya. Basi akamficha Ukunga, na kila jioni nafsi ikamsuta, hasa mama mkwe akimwongezea mchuzi na kumwambia, "Kula mwanangu, unachoka kwa ajili yangu."

Wala mama mkwe hakulalamika hata mara moja. Alikaa maktabani kwenye kiti chake cha dirishani, kalamu ina kifuniko chake, akipiga soga na kila aliyepita.

Ndipo akaingia mhadhiri msimamizi wa mama mkwe, akaja moja kwa moja dawatini kwa mkutubi. Mkutubi hakungoja kuulizwa.

"Mwalimu, usimlaumu mama mkwe wangu," alinong'ona. "Kazi yake ikichelewa, mkosaji ni mimi. Namzungusha makusudi kwenye masomo yasiyomhusu tangu mwaka uanze."

Mhadhiri alimkazia macho. "Ichelewe vipi? Tasnifu yake tuliipitisha muhula uliopita. Makala zote alizitoa hukohuko kwenye Ukunga."

Kutoka dirishani sauti ikapaa: "Mwanangu ee! Kilimo nako hamna kitu. Hii kazi naona itanila mwaka mwingine!"

Mkutubi aligeukia dirishani.

"Jaribu Jiografia, Mama."