Shuka la Shiko

Kisu kilikuwa kimeshagusa kitambaa, lakini mkono wa Nyawira ulikataa kusonga.

Kilikuwa kisu cha gurudumu, kile kinachoviringika juu ya mkeka wa kukatia na kupasua vitenge tabaka sita kwa mpigo mmoja. Kwa kisu hicho fundi huyu wa Ruiru alikuwa amekata na kushona mashuka ya viraka, yote yakifanana kama mayai ya kuku mmoja. Jumamosi, kule Kalimoni, wanawake wangejifunika mashuka hayo gubigubi, na bwana harusi amtafute bibi harusi wake katikati yao. Ruracio ni ruracio; sherehe ya mahari haikosi mchezo. Akikosea, watu wacheke, alipe faini, ajaribu tena.

Sasa, bwana harusi mwenyewe, Eddie wa Membley, hapendi kuchekwa. Alikuwa ameingia dukani asubuhi, akakalia vitambaa vya watu bila kuulizwa. Chumba chenyewe ni cha baba yake.

"Weka alama kwa lile la Shiko," alisema. "Ndogo tu. Ama utafute pengine pa kushonea."

Nyawira alisoma na Shiko, bibi harusi, tangu shule ya msingi. Alijua kwamba Eddie aliwahi kumzaba kofi kule Thika, mbele ya watu, kwa sababu alichelewa kushika simu. Shiko alisema hamtaki. Nani alimsikiliza? Aki, kuna boma ambazo mbuzi husikilizwa kuliko binti.

Mwenye nguvu mpishe. Nyawira alikuwa ameshatoa wembe wa kawaida na kuweka ule wa mawimbi; sasa akaukandamiza na kuuviringisha ukingoni mwa shuka moja. Vikatoka vijimeno vidogo ambavyo mtu asiyeambiwa hangeviona. Akakaa kwenye kiti chake cha cherehani akalia, maana alijiona amemuuza rafiki yake.

Ijumaa, Waruguru alikuja kuchukua mzigo. Huyu ndiye mama yake Shiko, mjane, na siku hizo alikuwa amekonda hadi anahurumiwa na majirani. Alisimulia jinsi alivyompigia magoti shemeji yake, Mzee Bedan, mwenye kauli ya mwisho katika ukoo, naye akamfukuza kama kuku aliyeingia jikoni. Mzee alisema mbuzi wa posa walishaliwa, na posa haivunjwi kwa machozi. Mgumu kama nini, huyo mzee. Kwake mwiko tu ndio unaovunja kitu. Mwaka juzi alirudisha mahari ya mpwa wake mwenyewe, eti mkwe alilewa akamshika mama mkwe kiuno wakicheza.

"Sina la kufanya, mwanangu," Waruguru alisema. "Kazi yangu mimi ni kupika tu."

Nyawira alishindwa kumtazama usoni. Alimwambia tu kwamba shuka la juu ndilo la Shiko. Waruguru alilikunja taratibu, kidole kikipita ukingoni na kusita kidogo kwenye vijimeno, akashukuru, akaenda zake.

Jumamosi Nyawira alifika Kalimoni, na roho yake ilikuwa nzito tangu langoni. Wanawake walitolewa nyumbani wakiwa wamefunikwa hadi kwenye vidole vya miguu, wengine wakichechemea makusudi, wengine wakijifanya wafupi. Akina shangazi walipiga vigelegele. Mzee Bedan alikaa mbele kabisa na bakora yake.

Eddie alipita kwenye mstari akijikuna kichwa, akijidai amechanganyikiwa, macho yake yakiwa chini kwenye kingo za mashuka. Karibu na mwisho alisimama. Akamtafuta Nyawira katikati ya watu, akatabasamu.

Nyawira alifumba macho. Alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na kisu chake.

"Wangu ni huyu," Eddie alisema kwa sauti ya ushindi. Alimkumbatia yule aliyefunikwa, akamzungusha mara moja ili wageni wote waone, kisha akavuta shuka.

Vigelegele vikakatika. Mahali fulani sahani ilianguka, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Nyawira akafumbua macho.

Aliyesimama kifuani pa Eddie alikuwa Waruguru, kichwa wazi, ametulia tuli.

"Shemeji," alimwambia Mzee Bedan, "umejionea mwenyewe mkono wa mkwe ulipo."