Kawa la Mwanahawa

Kila kitu nyumbani kwa Mwanahawa kilikuwa na kifuniko. Mtungi wa maji, bakuli la sukari, hata Msahafu aliuvisha kitambaa, kwa sababu bomba la moshi la kiwanda lilimwaga masizi juu ya mji kutwa kucha, na yeye hakukubali yaingie tumboni mwa mumewe.

Asubuhi moja daktari alimwonyesha picha ya shingo ya Faraji, mumewe. Kuta za mshipa zilikuwa zimenenepa, njia ya damu imebaki nyembamba kama uzi.

"Mafuta nampunguzia, daktari," alisema Mwanahawa. "Wala sigara havuti."

"Mmekaa hapa mjini miaka mingapi, mama?"

"Thelathini na mmoja."

"Basi ndiyo hiyo. Moshi ukiuvuta miaka yote hiyo unafika mpaka kwenye damu. Mishipa inakakamaa, inaziba kidogo kidogo."

"Lakini mimi nafunika kila kitu!"

Daktari aligeukia dirisha. Vioo vilikuwa vyeusi kwa masizi.

Jioni Mwanahawa alipakua wali uani, akaufunika kwa kawa lake la ukindu kama kawaida. Faraji alikuwa amepitiwa na usingizi mkekani, mdomo wazi, akivuta pumzi kwa nguvu. Mwanahawa aliliinua kawa kutoka kwenye wali, akapiga magoti, akalishika juu ya uso wa mumewe kama mwavuli.

Nyuma yake, masizi yalianza kutua juu ya wali mweupe.