Mzee Asiyelamba Chumvi

Vidonge vya presha vilitumbukia chooni kimoja kimoja, na kila kilipotumbukia, Mzee Ongeri aliitikia, "Amina!" Mdogo wake, Momanyi, akakung'uta kichupa kama mtu anayemwaga mbegu, kisha akarudi sebuleni akitembea kama aliyebatizwa upya.

Nyamoita, mkewe Momanyi, alikuwa akitazama kutoka mlangoni. Dawa ya mwezi mzima! Angalau choo hakitaugua presha.

Ongeri alikuwa muuza nafaka na mzee wa kanisa huko Migori. Miaka saba hakuwa amelamba chumvi, na hukuhitaji kumuuliza; angekwambia mwenyewe kabla hujamvutia kiti. Mashine yake ya kupima presha aliibeba katika mfuko mmoja na Biblia, na Ijumaa hiyo alikuwa ameileta mpaka Asumbi ili imwokoe nduguye.

"Tazama," alisema, akijifunga mkanda mkononi. Mashine ikavuma, ikashusha pumzi. "Mia moja kumi na nane kwa sabini na sita. Na mimi humeza kidonge gani?"

"Hakuna, kaka."

"Na yako ni ngapi?"

"Mia moja na tisini kwa..."

"Usitaje, Sabato inakaribia."

Nyamoita akajikaza. "Shemeji, daktari alisema ni ya ukoo. Figo zenu mmerithishwa, chumvi ikiingia zinaing'ang'ania, hata ikiwa kidogo. Baba yenu alianguka shambani, mdomo ukapinda. Babu yenu vilevile. Huyu akiacha dawa, nitamzika."

"Kwani mimi niliokotwa sokoni?" Ongeri akacheka. "Si baba ni huyohuyo? Kama ni ukoo, mbona yangu haipandi? Hiyo si figo, shemeji, ni ulafi. Huyu hula omena mpaka paka wanamwonea wivu."

Momanyi akacheka pia, mjinga wa watu.

Mashine haibishiwi. Nyamoita akamgeukia Rael, mke wa Ongeri, aliyekuwa ameketi, mkoba mapajani. "Mama Caren, nisaidie basi."

"Nikusaidie nini?" Rael alijibu, macho sakafuni. "Mashine umeiona. Chakula chake napika mimi. Hata msichana wa kazi simruhusu aguse kikombe chake."

"Umesikia?" Ongeri akatanua kifua. "Mke mwema hutoka kwa Bwana!"

Nyamoita akaenda jikoni kuchochea moto, au ndivyo alivyowaambia. Moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri tu. Ni yeye aliyetaka mahali pa kulilia. Wengine ujane huwajia kwa ajali. Wake ulikuwa umepanda gari kutoka Migori, ukajilipia nauli, na sasa unasubiri chai.

Mlango ukafunguka. Rael akaingia, akausukuma ufungike kwa kisigino.

"Asubuhi hunywa nini, bwanako? Chai ama uji?"

"Uji," Nyamoita akasema, akijifuta macho. "Wa wimbi."

"Afadhali. Wimbi huficha uchungu."

Rael akafungua mkoba, akatoa pakiti ya vidonge, vya aina ileile iliyomezwa na choo, akaishindilia kiganjani mwa Nyamoita.

"Ponda mpaka viwe vumbi," alinong'ona. "Wangu hata huomba kikombe cha pili."