Mitetea Wanne wa Bi Sikudhani

Bi Sikudhani alistaafu uuguzi, na wiki iliyofuata akanunua mitetea wanne wa kuanzia ufugaji. Banda lilikuwa jipya, bado linanukia mbao. Lakini jua lilipoanza kuzama, kuku waligoma kuingia. Aliwakimbiza kwa fagio ua mzima, wakajichimbia kwenye michongoma.

“Shoga, wakilala nje kicheche atawamaliza!” jirani yake, Mama Chausiku, alimwonya kutoka dirishani.

Bi Sikudhani akatupa fagio, akachuchumaa mbele ya banda akihema. Akamwaga mtama kidogo ndani, na bila kufikiri ulimi wake ukaanza wenyewe: “Kuru, kuru, kuruuu…”

Akashtuka. Hiyo ilikuwa sauti ya marehemu mama yake, akiwaita kuku, ameinama mlangoni pa jiko kule kijijini, mkono mmoja kiunoni.

“Nani kakufundisha?” Mama Chausiku akauliza.

Bi Sikudhani akaligeukia banda. Akaita tena, taratibu zaidi. Kuku watatu wakaja, wakaingia. Wa nne akasimama mlangoni, mguu mmoja juu, kichwa amekiinamisha upande. Bi Sikudhani hakumharakisha. Aliendelea kuita, huku macho yake yakitazama njia tupu inayopita nje ya uzio, kana kwamba mama yake naye angeitika.