Paji la Uso la Costancia

Jumatatu, tarehe tatu Machi 2025, saa za jua kali, Costancia alitoka kwenye printa mpaka kwenye nyusi, akakatika.

Mumewe, Mzee Elikana, alikuwa ameshasimama kumpokea. Kompyuta ikazimika, printa ikanyamaza, karatasi ikabaki inaning'inia. Kilemba, paji la uso, basi.

Costancia alizikwa masika ya mwaka uliotangulia. Uhai wake wote hakupenda picha. Hiyo moja alipigwa kwa lazima, kwa ajili ya kitambulisho cha chama cha wakulima pale Mikumi, ikabaki ndani ya kompyuta ya kichogo ambayo wakubwa waliwaletea wakulima walipoichoka wao. Na Elikana alikuwa ameanza kusahau. Lile kovu la jembe, lilikuwa shavu la kulia au la kushoto? Umeishi na mtu mpaka mmeota mvi, halafu swali kama hilo linakushinda. Alitaka kumwona kabla hajampoteza mara ya pili.

Devota, karani, akawasha upya. Mzee akarudi kwenye benchi lake, pale kwenye kona ambako waya wa umeme ulipotelea chini yake. Alikuwa na mwili. Magunia ya mbegu aliyobeba ujanani kule Kilangali hayakumwacha bure. Benchi likalia, likashuka kidogo. Kompyuta ikaamka bila kinyongo. Ikachapa barua ya mwenyekiti. Ikachapa mwaliko wa harusi ya shemeji yake mwenyekiti. Ikachapa tangazo la mbuzi aliyepotea Msowero, na picha ya mbuzi ikatoka kamili mpaka kwato.

"Haya, sasa mama," Devota akasema.

Kilemba kikatoka. Paji likatoka. Mzee akasimama. Giza.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba ana mkosi. Alitoka kwenda kujisaidia, mashine ikafa, aliporudi, ikafufuka. Katibu wa chama, Nickson, kijana wa suruali ya kubana na maneno mengi, alisema tatizo ni haraka za mzee. Kwa wenye vyeo, kosa halikosi mgongo wa mnyonge wa kupanda. Devota akajaribu kukipiga picha kile kioo kwa simu yake; Costancia akatoka wa kijani, ana mistari kama pundamilia wa mbugani. Tundu la flashi nalo lilikuwa limekufa siku nyingi.

Nyumbani Elikana alibandika yale mapaji ya uso ukutani, moja baada ya jingine. Mgeni aliyeingia alidhani ni kalenda.

Mwishowe fundi akaitwa kutoka Kilosa. Aliitwa Mudathir, bisibisi ameichomeka sikioni. Akampa mzee shikamoo, akalifungua boksi, akatoa mende watatu na kuisugua ramu, kile kipande cha kumbukumbu, kwa raba ya mwanafunzi. Kisha akatoa hukumu: draiva ya printa, yaani ile programu inayoifundisha kompyuta kuongea na printa, ni ya kale, na inagombania njia moja na draiva ya skana. Akazifuta zote mbili, akaweka nyingine. Akachapa karatasi ya majaribio, mzee ametulia benchini. Safi kabisa. Akamchapa Costancia. Mzee akasimama. Giza.

Akaing'oa skana. Giza. Akaing'oa kadi ya sauti, maana nayo alikuwa ameanza kuituhumu. Giza.

Skrubu moja ikamponyoka, ikaviringika mpaka chini ya benchi. Mudathir akapiga magoti kuitafuta. Alikaa kule chini muda mrefu kuliko skrubu ile ilivyostahili. Alipoinuka hakumtazama mzee usoni. Alimshika Katibu mkono, wakatoka nje, na waliporudi fundi alikusanya vyombo vyake akaondoka.

Kuanzia hapo Elikana akawa mtu. Kila asubuhi bodaboda ilimfuata nyumbani. Aliletewa chai ya maziwa na maandazi, na mto wa kukalia. Picha ni kesho, Katibu alimwambia, kuna kifaa kinasubiriwa kutoka Kilosa. Ofisi ikachangamka, mpaka watu wa Dumila wakawa wanakuja kuchapa. Mzee akaona kumbe hata wakubwa wanafundishika heshima. Siku moja aliingia mama mjamzito, mzee akataka kumpisha. Katibu akamrukia mabegani.

"Wewe usinyanyuke, baba. Huyu atasimama."

Ijumaa moja Katibu alitoka kwenda msikitini kuhudhuria ndoa ya rafiki yake. Devota akaurudisha mlango.

"Babu, leo namtoa mama. Ila akianza kutoka, ng'ang'ania benchi."

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Ng'ang'ania tu."

Kilemba. Paji. Nyusi. Elikana akalishika benchi kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyezuiwa kwenda msibani. Macho yakatoka, yakamtazama. Pua. Halafu kovu, lipo palepale, shavu la kulia. La kulia, jamani.

Mlango ukasukumwa. Katibu aliingia anahema, akaiwahi karatasi kabla ya Devota, akaitazama, kisha akaificha nyuma ya mgongo wake.

"Baba," akasema taratibu, nusura alie, "nikikukabidhi huyu mama, kesho nani atakuja kuikalia ile plagi iliyolegea?"