Chaji ya Kufika Busaira

Baridi ya Januari ilikuwa inakata masikio, lakini Nayef alikuwa amefungua madirisha yote manne ya gari na kuwasha hita mpaka mwisho. Taa nazo zilikuwa zinawaka mchana kweupe. Akatupia jicho kipimo cha chaji: asilimia kumi na tisa. Alaa! Bado nyingi mno.

Alikuwa anapanda mlima wa bonde la Wadi Mujib peke yake, kama alivyokuwa peke yake katika kila kitu tangu mkewe afariki miaka miwili iliyopita. Simu ikalia. Ni Taghrid, binti yake aliyeolewa Aqaba, kusini kabisa mwa Jordan, alikokuwa anamngoja.

"Baba, mbona ramani inaonyesha uko milimani? Si tulipanga Barabara ya Jangwani? Nimekuandikia vituo vyote vya kuchajia, kimoja baada ya kingine!"

"Nimetamani kuona milima."

"Milima! Gari ulilinunua mtumba, nawe unalo miaka mitano sasa, betri imechoka kuliko wewe. Ukizimikiwa huko Tafila nani atakuvuta?"

"Nitajua mwenyewe, mama. Weka wali motoni."

Hakumwambia kwamba wiki tatu nzima alikuwa anaipanga safari hii kwa daftari na kalamu. Watu hupanga wasizimikiwe. Yeye alipanga azimikiwe, tena azimikiwe Busaira, kijiji chenye kituo kimoja tu kwenye ramani: ukutani kwa Dhiyab, mdogo wake wa tumbo moja.

Miaka tisa walikuwa hawasemezani. Ugomvi wa mizeituni ya mama yao, basi. Siku ile Nayef alifoka mbele za watu: "Usinipigie simu, usikanyage mlango wangu, mpaka mimi mwenyewe nije kwako!" Maana yake ilikuwa kamwe. Dhiyab akalishika neno lile kama lilivyo. Nayef alipofiwa na mke, mdogo wake alisafiri mpaka Irbid, akasimama barabarani siku zote tatu za matanga, ng'ambo ya mlango, mvua inamnyeshea. Nayef alimwona kupitia dirishani. Hakumwita. Aibu hiyo ilikuwa inamla kila alipokaa mezani na sahani yake moja.

Sasa amwendee vipi? Kwao, suluhu hutangulizwa wazee, hunywewa kahawa, ukoo mzima ukajua nani kakosa. Nayef hakuwa na uso wa kuyakabili hayo. Na Dhiyab akimfungia mlango, ndugu mwingine hana. Lakini msafiri aliyeishiwa chaji si mwombaji. Ni mgeni, na mgeni hafukuzwi wala haulizwi kilichomleta. Mpaka betri ijae ni masaa saba. Ndani ya masaa saba hata mtu mwenye kiburi kama yeye angeweza kusema "nisamehe".

Kilichomchekesha ni kwamba Dhiyab, kwa kuwa na mashine ya kuchajia, lazima ana gari la umeme. Dhiyab huyo huyo! Aliyeubomoa ukuta wa tanuri la mkate kwa pikapu ya baba yao, akaapa hatashika tena usukani, leo naye anachaji gari nyumbani! Kwenye programu ya simu ya kutafutia vituo, wasafiri walikuwa wameacha maneno yao chini ya kituo kile. "Malipo hataki." "Chai yake usiikose." Mmoja aliandika: "Mzee hutoka mbio hata hujapiga kengele, anakutazama usoni, halafu mwendo unampungua." Nayef alisonya. Ubahili umemtoka, umbea umebaki.

Mji wa Karak akaupita bila kusimama, ingawa vituo vilikuwepo kushoto na kulia. Tisa. Sita. Juu ya Tafila gari likaanza kujikokota, naye akafunga madirisha na kuizima hita mbiombio, maana sasa aliona hesabu imepitiliza. Mbili. Alipoingia Busaira alikuwa anaendesha polepole kuliko betri ilivyodai. Aliogopa.

Mashine ilikuwa pale langoni, imewekewa kibati juu kuikinga na mvua. Hata hajazima gari, mlango wa nyumba ukafunguka. Dhiyab alitoka mbio, ndara mguu mmoja. Alikuwa amekonda, ndevu zote nyeupe. Akasimama ghafla.

"Asalaam alaikum," Nayef akasema, maneno aliyoyafanyia mazoezi njia nzima. "Napita tu. Chaji imeniishia."

"Waalaikum salaam." Dhiyab akasogea langoni. "Karibu. Karibu ndani, upepo huu mbaya."

Akauchomeka waya mwenyewe, akalikosa tundu mara mbili. Wakaketi kando ya jiko la mafuta, kila mmoja na gilasi yake ya chai. Nayef alilitafuta lile neno alilolijia, akashika la karibu.

"Gari lako umeliweka wapi? Nisije nikawa nimekuzibia njia."

"Gari gani, kaka?"

"La umeme. Si ndilo unalolichaji pale?"

"Aa, mimi na usukani wapi na wapi!"

"Sasa ile mashine?"

Dhiyab akamwongezea chai, akichelea kumtazama.

"Mwaka ule uliponunua gari lako, habari zilinifikia Jumatatu," akasema. "Ile mafundi waliifunga Alhamisi yake."