Nitue

"Nitue," akasema Hafidhi, na moyo wangu ukaanza mbio zake za kila siku ya soko.

Tenga la karoti lilikuwa kichwani kwake tangu milimani. Mzigo kama ule haushuki bila mtu wa pili, na getini alishawapita wanaume kumi waliokaa tu. Yeyote angemtua. Lakini yeye alikuja hadi kwenye meza yangu, mimi niliyekuwa nikimwangusha na kuni zake njia ya shuleni ili wenzangu wacheke.

Mwaka jana nilimwomba msamaha. Alinijibu neno moja tu: "Nitue." Tangu siku hiyo ninamtua.

Nikashika upande wangu, yeye wake, tukalishusha tenga hadi usawa wa kifua. Hapo, chini ya tenga, vidole vyake vikavifunika vyangu. Vilikuwa na udongo mwekundu kwenye kucha, na vilikuwa vya moto.

Nikangoja avitoe. Hakuvitoa.

"Umechoka?" nikauliza.

"Hata kidogo." Akanitazama machoni. "Nilidhani hutaelewa mpaka nizeeke."

Nimeelewa! Nilitaka kupiga kelele soko zima lisikie, na soko zima ndilo lisilotakiwa kusikia.

"Nyie vijana, tueni huo mzigo!" akatufokea mama wa nyanya. "Mtavunjika migongo!"

"Tunatua, mama," tukajibu kwa pamoja.

Hatukutua.